Jina Lote la Nana Yaa Manu

Kwabena Nkansah alikuwa na mikono laini, na hilo lilimponza tangu siku alipopeleka posa mjini Effiduase. Mama mkwe wake mtarajiwa, Nana Yaa Manu, alimpa mkono, akaugeuza kiganja juu, akakichungulia kama anayekagua samaki sokoni, kisha akauliza mbele ya wajomba wote, "Na hii mikono inafanya kazi gani?"

"Kompyuta, mama."

"Kompyuta nimesikia. Nimeuliza kazi."

Wajomba walicheka mpaka mmoja akamwaga kinywaji chake. Kwabena naye akacheka, maana angefanya nini? Posa ilipokelewa, binti Dufie akawa mkewe, lakini kuanzia siku hiyo Kwabena hakuwa na jina katika ukoo ule. Aliitwa "yule wa kompyuta". Mwenzake aliyemwoa dada mkubwa wa Dufie, mwenye kiwanda cha mbao, aliitwa Mheshimiwa Boakye Yiadom, majina yote mawili na cheo juu yake, hata pale watu walipotaka tu awapitishie chumvi.

Kazi Kwabena alikuwa nayo, tena kazi ambayo Kumasi haiwezi kukaa wiki moja bila hiyo. Alitengeneza filamu za marehemu. Familia inamletea picha mia mbili, mia tatu, nyingine zimeliwa na mende, yeye anazipanga na kuzitilia muziki, na Jumamosi ya mazishi marehemu anaonekana kwenye skrini kubwa mbele ya maturubai, tangu alipobatizwa hadi aliposhika mkongojo. Kulikuwa na wiki alizokuwa na marehemu sita kwa mkupuo, na mteja wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi Jumatatu. Ndiyo maana akaandika skripti yake.

Skripti si kitu cha kumtisha mtu. Ni orodha ya amri unayoiandikia kompyuta mara moja ili usihangaike nayo kila siku: safisha meza, uliza jina la marehemu, nenda kwenye folda yenye jina hilo, beba picha zote, zipange, ziunganishe ziwe filamu. Ya Kwabena ilikuwa na mistari arobaini na mmoja, ilimtumikia miaka tisa, na aliisifia kuliko Boakye alivyosifia nyumba yake ya ghorofa.

Ilikuwa na kasoro moja tu, na aliijua. Skripti hulitia jina la marehemu katika kitu kinachoitwa kigeu, ambacho ni kama kikapu, na kila inapolihitaji jina hukifungua kikapu hicho. Sasa kikifunguliwa kizembe, jina lenye maneno matatu na nafasi katikati humwagika vipande vitatu, na kompyuta huona watu watatu. Dawa yake ni ndogo mno: unakizungushia kigeu fungua semi na funga semi, zile alama ambazo kitabuni huwekwa kushika maneno ya msemaji, na jina linashikamana. Kila mwalimu wa skripti huwaambia wanafunzi wake jambo hilo mapema. Kwabena aliambiwa. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari, na hakulifanya hata siku moja. Zilikuwa sehemu saba tu za kurekebisha, na kila Krismasi aliahidi kuzirekebisha baada ya Pasaka.

Badala yake aliyafunga majina kwa vistari. Folda zake ziliitwa Opanin-Kwaku-Fordjour, Maame-Akyaa-Donkor, jina zima neno moja, na skripti ikaridhika. Kazi za walio hai, ambazo hazikupita kwenye skripti, aliziandika neno moja lolote lililomjia kwanza. Watoto wa siku ya kutolewa nje, siku ya nane wanapopewa jina, ndio hakujisumbua nao kabisa. Kwa desturi ya huko mtoto wa kike aliyezaliwa Alhamisi ni Yaa, apende asipende, basi picha za hao wote alizitupa katika folda moja iliyoitwa Yaa.

Siku moja Nana Yaa Manu alifika studio kupiga picha ya kitambulisho cha wastaafu. Alikuwa mkunga, amezalisha wanawake miaka thelathini na minane, na hakuna kitu duniani kilichomtisha. Alikaa kwenye kiti, akainua macho, akaliona jina lake kwenye kompyuta, ambalo kwa kumheshimu Kwabena alikuwa ameliandika lote, kwa vistari.

"Hivi vijiti katikati ya jina langu ni vya nini?"

"Vya kuunganisha, mama. Kompyuta haipendi nafasi."

"Haipendi?" Akavua miwani. "Mimi nimezalisha watu sakafuni, kwenye trela la muhogo, umeme umekatika, na hakuna aliyeniuliza napenda nini. Umenifunga kamba kama mbuzi wa sokoni. Nifungue."

Kwabena akafuta vistari mbio mbio.

"Haya. Naitwa nani?"

"Nana Yaa Manu."

"Ndiyo. Sasa inua mkono uape. Hutanifunga tena, niwe hai, niwe nimekufa."

Kwabena alikuwa ameshika kamera kwa mkono wa kushoto. Akainua wa kulia mbele ya kompyuta kama shahidi mahakamani, akaapa kwa sauti, tena akaongeza "Mungu nisaidie" bila kuambiwa. Nana Yaa Manu, ambaye katika picha zote za maisha yake alikuwa na uso wa mtu anayemsubiri daktari aliyechelewa, alipasuka kicheko. Kidole cha Kwabena kikabonyeza chenyewe.

Dufie alipoonyeshwa ile picha alikaa chini. "Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kuona meno ya mama kwenye picha."

Nana Yaa Manu alifariki mwezi wa tatu, usingizini, bila kumsumbua mtu. Ukoo ukakaa kikao. Mkuu wa ukoo alikuwa kaka yake, Opanin Kwaku Ampoma, mzee mwembamba aliyekuwa na fimbo asiyoihitaji kutembelea, ila aliihitaji sana kwa kunyooshea watu. Akagawa majukumu. Mheshimiwa Boakye Yiadom angeleta jeneza, bendi na kondoo dume.

"Na yule wa kompyuta?"

"Ataonyesha picha," alijibu Dufie.

"Picha," alisema Opanin, kama mtu aliyeletewa supu akakuta haina nyama. "Basi, picha. Akifanya la maana tutamwita."

Kuitwa huko si jambo dogo. Mkwe akishaonyesha alichomletea marehemu, mshereheshaji humwita mbele ya watu kwa majina yake yote, mkuu wa ukoo humpa mkono, na kuanzia hapo huyo ni mkwe, si mume wa fulani tu. Boakye aliitwa zamani, kwenye mazishi ya baba mkwe. Siku hiyo Kwabena alikuwa ameshikishwa waya wa spika. Alijisemea kwamba hajali. Alijali.

Dufie yeye hakuwa na habari na kuitwa. "Mimi nataka kitu kimoja," alimwambia mumewe. "Watu wamwone mama anavyocheka. Wamezoea kumwogopa. Wamwone akicheka, halafu ndiyo wamzike."

Alhamisi filamu ilikuwa tayari. Waliitazama wawili studio, na ilipofika ile picha ya mwisho Dufie alilia, akapenga kamasi, akaomba irudiwe. Ndipo jicho lake likatua kwenye folda. Kwa mazoea ya miaka tisa, Kwabena alikuwa ameandika Nana-Yaa-Manu.

"Kwabena. Si uliapa wewe?"

Aibu ikamshika. Akavifuta vistari pale pale, akaacha nafasi safi mbili, na jina likasimama huru kama mwenyewe alivyotaka. Akajisikia mtu mwema. Skripti hakuigusa. Ya nini, na filamu imeshakamilika?

Jumamosi asubuhi, uwanja wa mazishi umejaa nguo nyeusi na nyekundu za msiba, akatokea mama mdogo wake Dufie, ametoka Obuasi na bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja ambazo hakuna aliyewahi kuziona: Nana Yaa Manu chuo cha ukunga, msichana mwembamba, kofia nyeupe, uso ule ule wa kumsubiri daktari.

"Hizi nazo ziingie," alisema mama mdogo. "Nimeamka saa kumi kwa ajili ya hizi. Zisipoingia na mimi siingii."

Kwabena akakaa na kompyuta yake kwenye meza ya fundi mitambo. Akazipiga kwa kamera picha zile moja moja, akaziweka kwenye folda, akaamsha skripti. Ikamuuliza jina la marehemu. Akaandika maneno matatu kwa heshima zote, Nana Yaa Manu, akabonyeza.

Siku nyingine yoyote, kwa jina la marehemu mwingine, kompyuta ingegoma. Ingesema hakuna folda inayoitwa Fordjour, hakuna inayoitwa Donkor, na Kwabena angejipiga kichwani na kurudisha vistari vyake. Lakini safari hii ilikwenda kutafuta Nana, ikamkuta. Ikatafuta Yaa, ikamkuta. Ikatafuta Manu, naye akawepo. Ikabeba folda zote tatu kwa furaha, ikaiacha ya marehemu imekaa pale pale bila kuguswa, ikafanya kazi yake na kuandika: Tayari.

Alitaka kuitazama. Kweli alitaka. Lakini ngoma zililia barabarani, na Mheshimiwa Boakye Yiadom akaingia na msafara wake: wanawake kumi na wawili na sinia vichwani, jeneza linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, na kondoo dume mwenye kitambaa chekundu shingoni, anayetazama watu kwa dharau kuliko hata mwenye kiwanda.

"Wewe wa kompyuta!" Opanin akanyoosha fimbo. "Toa nyaya zako, kondoo anapita!"

Kwabena akaenda kukusanya nyaya. Aliporudi, Tawiah mshereheshaji, mwanaume mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Jamani tulieni! Anayelia apumzike kidogo! Sasa mtamwona mama yetu, Nana Yaa Manu, tangu mwanzo hadi mwisho!"

Skrini ikawaka.

Akatokea mwanaume kifua wazi, amepakwa mafuta, ametunisha misuli, mkononi ana chupa. Juu ya kichwa chake paliandikwa kwa herufi nyekundu: MANU BITAZI. SIMAMA IMARA. Kompyuta hupanga kwa alfabeti, na huyo Manu alikuwa mteja wa mwaka juzi, muuza bitazi, dawa ya chupa ya nguvu za kiume.

Picha ya pili, Manu kwa nyuma. Picha ya tatu, Manu katikati ya wake zake wawili, wote wameinua vidole gumba.

"Huyu nani?" alinong'ona bibi mmoja mstari wa mbele.

"Mume wa kwanza," alijibu mwenzake, bila kusita. "Kumbe Nana alikuwa na siri zake."

"Aa! Ndiyo maana alikuwa hacheki. Mtu ukimwacha wa hivi utacheka nini?"

Opanin Kwaku Ampoma alikuwa anamkazia macho yule mwenye chupa kama anayehesabu vizazi. "Huyu ni wa upande wa nani?" aliuliza. "Mbona simjui?"

Kwabena alitaka kuzima, mikono ikakataa. Ile mikono laini, iliyokuwa inaruka juu ya vitufe kama mvua juu ya bati, ilikuwa imelala mapajani imekufa ganzi. Skrini ikabadilika, ikaja folda ya pili: gari. Chifu mmoja wa upande wa Bekwai alinunua gari jipya, akamwita Kwabena alipige picha pande zote, na Kwabena akaandika folda Nana, kwa kuwa chifu naye huitwa Nana, na yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa na njaa hata asiandike zaidi. Gari kwa mbele. Gari kwa ubavu. Kiti cha nyuma. Buti. Tairi la akiba, mara nne.

"Ndilo litakalombeba?" mtu akauliza.

"Si unaona lilivyo? Atakuwa Mheshimiwa ndiye kalileta."

Macho yakamgeukia Boakye Yiadom. Boakye akatazama gari, akatazama watu, na Mungu amsamehe, akainuka nusu kwenye kiti, akaweka sawa kitambaa begani, akainamisha kichwa kama mtu anayekataa sifa. Watu wakampigia makofi.

Kwabena sasa alikuwa ameushika waya wa umeme, ameamua kuuchomoa na kukimbilia Kumasi, afe huko. Mara mwanamke mmoja akapiga yowe nyuma ya maturubai.

"Yaa wangu! Jamani, Yaa wangu huyo!"

Kwenye skrini alikuwa mtoto mchanga wa siku nane, amevikwa nyeupe, amefumba macho. Akafuata mwingine. Na mwingine. Watoto wa kike wa Alhamisi, wengi wao wa Effiduase pale pale, maana Dufie ndiye aliyemtafutia mumewe wateja nyumbani kwao. Na mtoto wa Effiduase angezalishwa na nani mwingine?

"Huyo alinizalishia chini ya meza, mvua inanyesha!"

"Huyo wangu alitanguliza miguu! Nana alimgeuza kama chapati!"

Wanawake wakamwagika uwanjani na leso zao juu. Bendi, ambayo ilikuwa imekaa haijui ipige nini, ikapata la kupiga. Tawiah akacheza na kipaza sauti chake. Mabibi wa mstari wa mbele wakamsahau mume wa kwanza. Na Opanin Kwaku Ampoma, mzee wa fimbo, akatoa kitambaa akajifuta macho waziwazi.

"Kumbe huyu mtu ana akili," alisema. "Wenzake huleta sura ya marehemu. Yeye ametuletea kazi ya mikono yake." Kisha akamnyooshea Tawiah fimbo. "Mwite."

Hayo ndiyo maneno Kwabena aliyoyasubiri miaka kumi na moja. Tawiah akapuliza kipaza sauti, akasafisha koo. Hakuna mtu uwanjani aliyejua kuna kosa. Mwenye chupa ameshapata maelezo, gari limeshapata mwenyewe, watoto wamemliza mkuu wa ukoo. Kilichobaki ni kunyamaza, kusogea mbele na kutoa mkono.

Kwabena akasimama. Na aliposimama alimwona Dufie. Dufie hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya skrini, anatazama mtoto baada ya mtoto, kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni kituoni na abiria wanakwisha kushuka. Akageuka.

"Mama yuko wapi?"

"Dufie, kuna kitu..."

"Nimemtafuta tangu mwanzo. Hata kofia yake haipo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe waache wakuite. Lakini niambie, mama yuko wapi?"

Basi Kwabena alipiga hatua, lakini si kuelekea kwa Tawiah. Alikwenda kwa Opanin, akavua viatu, akainama.

"Baba, asiniite. Nimekosea. Hiyo si filamu ya mama."

Bendi ikakatiza wimbo katikati.

"Si ya mama vipi? Si watoto wake hao?"

"Wamekuja kwa bahati. Skripti yangu imelikata jina lake. Niliandika Nana Yaa Manu, kompyuta ikaona watu watatu, ikaenda kuwachukua wote."

Opanin akalitafuna neno hilo polepole. "Umemkata dada yangu vipande vitatu?"

"Kompyuta ndiyo—"

"Kompyuta haikuoa kwetu. Yule mwenye chupa ni nani?"

"Mteja, baba. Manu."

"Na lile gari?"

"La chifu mmoja wa Bekwai."

Mheshimiwa Boakye Yiadom akakaa chini taratibu sana, kama kiti kina miba, akaanza kumkagua kondoo wake kwato.

"Na dada yangu mwenyewe?"

"Yumo. Hajapotea. Nikizungushia jina lake alama, fungua semi na funga semi, halitakatika tena. Dakika kumi tu."

"Alama ngapi?"

"Ni sehemu saba. Kila moja alama mbili."

"Kumi na nne," alisema Opanin. "Na hiyo miaka yako tisa ulikuwa unafanya nini?"

Kwabena akakaa mezani, akafungua skripti. Opanin akavaa miwani, akaja kusimama nyuma yake. Mama mdogo wa Obuasi naye akaja, kulinda picha zake kumi na moja. Wakaja na wajomba. Muda si muda nusu ya ukoo ilikuwa inamhemea Kwabena shingoni, na kila alipobonyeza waliitikia kama kanisani.

"Fungua."

"Funga."

"Fungua."

"Funga."

Uwanjani wanawake waliendelea kuwachezea watoto wao, maana hakuna aliyewaambia waache, na wangeambiwa wasingesikia. Kwabena alifika mstari wa thelathini na tatu, akapita. Fimbo ya Opanin ikagonga kioo cha kompyuta.

"Hapo hujafunga."

Kwabena akatazama. Kweli, alikuwa amefungua akasahau kufunga. Mkuu wa ukoo wa Effiduase, ambaye hajawahi kushika kompyuta maishani mwake, alikuwa ameiona kasoro kabla ya fundi.

"Asante, baba."

"Usiniambie asante. Funga, dada yangu atadondoka."

Akafunga. Skripti ikauliza jina, akaliandika, na safari hii mkono wake ulikuwa mzito kwenye kila herufi. Akasubiri. Akaitazama filamu yote haraka haraka, picha kwa picha, mara mbili, huku wajomba wakimwambia aharakishe. Hakuharakisha. Kisha akamwinulia Tawiah mkono.

Akatokea Nana Yaa Manu. Ubatizo, uso mkali. Chuo cha ukunga, uso mkali, na mama mdogo akapiga kelele "Hizo zangu!" mpaka zilipokwisha zote kumi na moja. Harusi, uso mkali kuliko wa bwana harusi mwenye deni. Wodini, mtoto kila mkono, mkali. Watu wakaanza kunyooka kwenye viti bila kujijua, kama alivyokuwa anawanyoosha alipokuwa hai. Kijana mmoja akatoa mikono mfukoni.

Halafu ikaja ya mwisho. Kichwa kimeangukia nyuma, miwani mkononi, mdomo wazi, meno yote nje, na pengo moja upande wa kushoto ambalo hata madada zake hawakulijua. Wa kwanza kucheka alikuwa Dufie. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mama mdogo akacheka, na mabibi wa mstari wa mbele, mpaka uwanja mzima wa nguo nyeusi na nyekundu ulikuwa unacheka na marehemu.

Opanin ndiye aliyemaliza kucheka wa mwisho. "Alikuwa anacheka nini huyu?"

"Alikuwa ananicheka mimi, baba," alisema Kwabena. "Alikuwa ameniapisha nisimfunge kamba kwenye jina lake."

Mzee akaitazama picha. Akamtazama mkwe. "Tawiah, mwite."

Tawiah akainua kipaza sauti. "Jamani, yule wa kompyuta—"

"Jina!" Fimbo ikapiga chini. "Lote. Usilikate."

Tawiah akafungua mdomo. Akaufunga. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia Kwabena. "Kaka samahani. Hivi wewe unaitwa nani?"

Kwabena akamtazama Opanin, na Opanin akatazama pembeni. Akawatazama wajomba. Miaka kumi na moja amekula nao fufu sahani moja, na sasa kila mmoja alikuwa anamgeukia mwenzake, akitumaini mwenzake analijua.

Dufie akaja akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Tawiah. Nyuma yake mama yake alikuwa bado anacheka, mkubwa kama nyumba.

"Kwabena," alisema. "Osei. Nkansah." Moja moja, bila haraka, na nafasi safi katikati.

Opanin Kwaku Ampoma akatoa mkono. Kwabena akampa wake. Mzee akaugeuza kiganja juu, akakichungulia kwa muda mrefu, vile vile kama dada yake alivyofanya.

"Laini kweli," alisema, na hakuuachia.